Sababu ya Safari

Ukitaka kutoka kambini kwenda Kasulu utaulizwa maswali matatu: unaenda wapi, unarudi lini, na unaenda kufanya nini. Mawili ya kwanza sina ugomvi nayo. Mtu aliyekupa hifadhi ana haki ya kujua uko wapi. Hata mama mwenye nyumba humuuliza mwanawe hivyo hivyo. Ni lile la tatu ninalotaka tulifikirie pamoja, nyinyi mlio Nyarugusu, Nduta, Kakuma na Dzaleka, na nyinyi ndugu zetu wa mashirika mnaosoma jarida hili huku mkisubiri gari la kurudi mjini jioni. Je, binadamu anahitaji sababu ili akamsalimie mwenzake? Na kama anahitaji, ni sababu ya namna gani inayotosha, na nani anaipima?

Naandika nikiwa mbali, heri niseme mapema. Nilikaa Nyarugusu miaka 14, na sasa huu ni mwaka wa sita niko Boise, jimbo la Idaho, Marekani. Kumwandikia habari za matembezi mtu aliye kwenye foleni ya mgao uliopunguzwa ni kama kutafuna nyama mbele ya mwenye njaa, hilo nalijua. Tena najua kwamba tangu Januari 2025 Marekani imesimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na wapo waliokwisha kupimwa afya na kugawa vyombo vyao kwa majirani. Kwa hiyo msinisome kama mtu anayewaambia njooni muone. Nataka kueleza kitu nilichokielewa nikiwa huku kuhusu kule.

Mnaijua hesabu ya kule: kilomita nne kutoka kambini, zaidi ya hapo kibali. Na kibali kina lugha yake. Rufaa ya hospitali, inaeleweka. Kesi mahakamani, inaeleweka. Mtihani, msiba, ukibahatika. Lakini jaribu kusimama mbele ya meza useme, “Mkubwa, naenda kumsalimia rafiki yangu, tunywe chai, kesho nirudi.” Atakayekuwa nyuma yako kwenye foleni atacheka kabla ya karani.

Namkumbuka mzee mmoja wa zoni yetu, simtaji. Alikuwa na rafiki waliyevuka naye ziwa mwaka 1996, mtumbwi mmoja, na huyo rafiki alioa huko mjini akabaki. Kila baada ya miezi kadhaa mzee wetu aliumwa macho. Macho yalimuuma kwa utaratibu kabisa, kama mvua za vuli. Alipata karatasi, akaenda, akarudi siku ya pili akiwa amependeza. Zoni nzima tulijua dawa ya yale macho ni nini.

Sasa, je, mzee yule alikuwa mwongo?

Huku nilihudhuria darasa la jioni tukasoma habari za mwanafalsafa Mjerumani, Immanuel Kant. Mwaka 1795 aliandika kitabu kidogo juu ya amani ya kudumu, na ndani yake akasema jambo ambalo lilinifanya niweke kalamu chini. Alisema kila mtu duniani ana haki ya kutembelea. Hakusema haki ya kukaa kama mgeni wa nyumbani, hiyo ni lazima mpatane. Alisema haki ya kufika mahali pa wengine bila kutendewa kama adui. Na sababu aliyoitoa si ya sheria, ni ya jiografia: dunia ni mviringo. Ingekuwa tambarare isiyo na mwisho tungetawanyika kila mtu na njia yake, lakini kwa kuwa ni tufe, hatuwezi kukimbiana milele, tutakutana tu, na hapo mwanzo hakuna aliyekuwa na haki kubwa kuliko mwenzake ya kuwa mahali fulani. Mtu aliyesema hivyo, kumbe, maisha yake yote karibu hakutoka katika mji wake wa Königsberg na viunga vyake. Alikuwa na haki ya kutembelea na hakuitumia. Hiyo nayo ni starehe.

Lakini huyo huyo Kant, miaka miwili baadaye, mwaka 1797, akaandika kwamba uongo haukubaliki kabisa, hata kwa muuaji anayekugongea mlango akimtafuta rafiki yako uliyemficha. Watu wengi wamemgombeza kwa hilo na mimi nawaunga mkono, maana wengi wetu tuko hai kwa sababu mtu fulani alidanganya mlangoni. Ila tazameni jinsi mzee wetu wa macho alivyobanwa kati ya vitabu viwili vya mtu mmoja. Kitabu kimoja kinamwambia: una haki ya kutembelea. Kingine kinamwambia: usiseme uongo. Na mbele yake kuna meza ambapo hawezi kuitumia haki ya kwanza bila kuivunja amri ya pili.

Niliibeba habari hiyo kichwani muda mrefu bila kuipatia mahali. Ilikaa sawa siku moja ya Mei mwaka jana, siku ambayo kwa kweli hakuna kilichotokea.

Majirani zetu ni mume na mke wastaafu. Mume alikuwa mwalimu wa hesabu. Sisi tunamwita Mzee, na mkewe Bibi, nao wamezoea. Wana lile gari ambalo ndani yake ni nyumba, wenyewe wanaliita arivi. Lina urefu wa mita nane hivi. Mbele usukani, nyuma kitanda, jiko la gesi, friji, meza ya kulia, choo, na bafu ambalo mtu mnene ataoga upande mmoja kwanza, atoke, ageuke, aingie tena. Chini kuna matangi matatu: la maji safi, la maji ya kuoshea, na la choo. Hilo la choo humwagwa kwa mpira mnene kwenye shimo lake maalumu, na kazi hiyo Mzee anaifanya mwenyewe na glovu mkononi, hamwachii mtu. Mafuta linakunywa vibaya sana, lita moja kwa kilomita nne. Nchi hii ina watu wengi waliouza nyumba zao za tofali wakaishi kwenye magari haya, wengine kwa kupenda, wengine kwa sababu kodi imewashinda. Majirani zetu ni wa kupenda.

Ijumaa jioni Mzee akasema kesho wanaelekea Twin Falls, kilomita 200 na kidogo kusini-mashariki, na wana nafasi. Mama yangu, ana miaka 71, akaniambia muulize kuna nini huko. Nikauliza. Mzee akasema, “Hakuna kitu. Tunaenda tu.”

Mama alinirudisha nimtafsirie tena. Tunaenda tu. “Hapana,” akasema, “muulize vizuri.”

Ila mama alikuwa na sababu yake. Twin Falls anakaa rafiki yake wa bombani. Kwa miaka tisa walipanga madumu yao pamoja, zoni moja, bomba moja. Mmoja akifua mwenzake anachunga foleni. Walipopata safari wakapangiwa miji miwili tofauti ya jimbo moja, nao wakaona ni neema, maana wengine walipangiwa Texas na Maine. Kilomita 200, lami tupu, bila kibali. Na hadi Jumamosi ile walikuwa hawajaonana miaka mitatu. Hapo nitaparudia.

Asubuhi mama alitoka na mkoba. Ndani aliweka karatasi zote: kadi ya ukaazi, barua ya daktari, hati za zamani za kambini, picha ndogo nne. “Batatuuliza,” akasema. Nikamwambia, mama, huku hawaulizi. Hakunisikiliza, na katika kadi moja alikuwa sahihi kuliko mimi, maana sheria ya Marekani inamtaka mwenye kadi ya ukaazi aliyetimiza miaka 18 atembee nayo muda wote. Basi mkoba ukapanda.

Ile barabara ya I-84 haina mambo mengi. Vichaka vya kijivu vyenye harufu kama ya dawa, kisha mashamba ya viazi, kisha mabomba marefu yenye magurudumu yanayozunguka shamba polepole yakinyunyiza maji. Nyikani kwa asili. Maji ya mto Snake ndiyo yameifanya nchi ile kuwa kijani. Bibi alipika kahawa tukiwa tumesimama kando, tukanywa tukitazama ng'ombe wa mtu. Mama alikuwa anahesabu madaraja, na kila tukikaribia moja anashika mkoba, akitegemea bariere. Baada ya daraja la tano au la sita akauweka chini, katikati ya miguu.

Unapoingia Twin Falls ardhi inapasuka ghafla. Kuna korongo, na juu yake daraja la Perrine, lililokamilika 1976, mita 148 juu ya mto. Ni mahali pa nadra Marekani ambapo watu wanaruhusiwa kuruka na parashuti mwaka mzima bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Bila kibali! Tulisimama kwenye ukingo tukamwona kijana akipanda reli, akajitupa. Mama akaniuliza kwa wasiwasi wa kweli, “Anakimbia nini?” Nikamwambia hakimbii kitu, ni mchezo. Mzee naye akaongeza hadithi ya Evel Knievel, mtu wa pikipiki, ambaye mwaka 1974 alijaribu kulivuka korongo hilo kwa chombo cha mvuke, parashuti ikafunguka kabla ya wakati, akaishia chini ukingoni mwa mto, mzima. Mama hakuona ajabu. Alisema huyo angalau alikuwa anataka kwenda ng'ambo.

Rafiki wa bombani alikuwa amesimama nje ya nyumba yake tangu saa tatu, kanga mbili, moja ya kuvaa na moja ya kumpokelea mwenzake. Sitaeleza walivyokumbatiana. Nitaeleza walivyoongea, kwa sababu hapo ndipo penye hoja yangu.

Tulikula fufu na samaki, kisha sote tukaingia kwenye arivi kwenda kutazama maporomoko ya Shoshone. Yana mita 65, yanashinda Niagara kwa urefu, na yamepewa jina la wenyeji wa asili wa nchi ile, ambao wengi wa wajukuu zao sasa wako Fort Hall, kwenye eneo waliloandikiwa na serikali. Mwisho wa kiangazi maji mengi huvutwa kwenda mashambani, mwamba ukabaki karibu mkavu; sisi tulikuta bado yananguruma, na upinde wa mvua umekaa chini kama ng'ombe amelala. Wale mama wawili waliyatazama kama dakika tano. Saa nzima iliyobaki waliongea juu ya kuku.

Kuku mmoja, wa mwaka 2011, aliyepotea zoni yetu akaonekana baadaye kwa jirani akiwa na vifaranga. Kuku ni wa nani hilo lilikwisha amuliwa na wazee. Lakini vifaranga je? Jambo hilo kumbe halikuwahi kwisha. Walilichambua upande huu na upande ule, walicheka mpaka Bibi akacheka bila kujua Kiswahili. Nikagundua kwamba sijawahi kumsikia mama akiongea saa nzima na mtu bila kutaja shida. Yaani hata moja. Si ugonjwa, si karatasi, si mtoto aliyepotelea njiani, si mgongo.

Nimefanya ukalimani wa mama miaka mingi, kambini na huku. Naijua sauti yake ya mezani. Ni sauti ya mtu anayejua kwamba atasikilizwa kwa kiasi cha maumivu yake. Nadhani swali la tatu linafanya kazi hiyo kimya kimya. Ukiulizwa kila siku sababu, na ukaona kwamba sababu zinazopita ni ugonjwa, kesi na kifo, unajifunza kujieleza kwa ugonjwa, kesi na kifo. Baada ya miaka unakuwa mtu wa shida hata mbele ya watoto wako. Ndugu wa mashirika wanalalamika kwamba mkimbizi kila akifungua mdomo anataja tatizo. Ni kweli, tunafanya hivyo. Lakini jiulizeni ni mlango gani tuliwahi kufunguliwa kwa kusema tuko vizuri, tunataka tu kumwona mtu.

Mzee akasema kuna mahali pengine karibu, kama nusu saa, pa kihistoria. Alisita kidogo. Kisha akasema, “Ilikuwa kambi.”

Panaitwa Minidoka. Februari 1942, Marekani ikiwa vitani na Japani, Rais Roosevelt alitia sahihi amri namba 9066, na kwa nguvu ya amri hiyo watu wa asili ya Kijapani wa pwani ya magharibi, wengi wao raia waliozaliwa Marekani, waliondolewa majumbani wakawekwa kwenye kambi kumi. Minidoka ilifunguliwa Agosti mwaka huo, ikafungwa Oktoba 1945. Watu zaidi ya 13,000 walipita pale, wengi kutoka upande wa Seattle na Portland. Leo ni hifadhi ya taifa. Kuna kijia cha kutembea, kipande cha senyenge, mnara wa mlinzi uliojengwa upya kwa mbao, banda la kulala, jiko la wote, uwanja wa mchezo wa besiboli, na mfereji wa maji unaopita pembeni kwa kasi. Langoni kuna mabaki ya bustani ya mawe aliyoibuni Fujitaro Kubota, mtengeneza bustani wa Seattle, akiwa mfungwa humo humo. Mama yangu alisimama hapo muda mrefu kuliko kwenye maporomoko. Nyumba yetu ya tope Nyarugusu alikuwa ameizungushia maua, na siku ya kuondoka aliyamwagilia.

Rafiki wa bombani yeye alitazama banda, akatazama umbali wa kwenda jikoni, akasema kwa utaalamu, “Hapa foleni ilikuwa inapigwa na upepo.”

Lililonishika mimi ni jambo la vibali. Watu wa Minidoka walikuwa wanaweza kutoka. Wapo waliotoka kwenda chuo mbali na pwani, wapo waliotoka kwenda jeshini, na wengi walitoka kwenda kuvuna. Vita vilikuwa vimechukua vibarua, na mashamba ya Idaho yalikuwa yamejaa mizizi ya kutengenezea sukari ikioza ardhini. Basi watu wale wale walioonekana hatari kiasi cha kuwekewa senyenge wakaonekana salama kiasi cha kupewa jembe. Ruhusa ikatoka. Sababu iliyotosha ilikuwa sukari.

Nikaelewa hapo kwamba sababu inayotosha ni ile inayomfaa anayeuliza. Sisemi kila karani ana roho mbaya. Wengi niliowajua walikuwa watu wazuri waliochoka. Nasema swali lenyewe limetengenezwa hivyo. Mgonjwa anapewa njia kwa sababu akifia kambini ni tatizo la kambi. Shahidi anapewa njia kwa sababu mahakama inamhitaji. Hata ziara za kwenda kuona hali ya nyumbani kabla ya kurejea huandaliwa na magari hupatikana, maana kurejea kwetu kuna faida kwa wengi. Rafiki wa mzee wa macho hana faida kwa ofisi yoyote. Ana faida kwa mzee peke yake, na ndiyo maana ya rafiki.

Mwaka 1988 Marekani iliomba radhi kwa sheria ya bunge na kumlipa kila aliyekuwa bado hai dola 20,000. Tume iliyochunguza ilikuwa imesema wazi kwamba chanzo hakikuwa usalama bali ubaguzi, taharuki ya vita na udhaifu wa viongozi. Miaka 46 ilikuwa imepita tangu ile amri.

Jioni tulifika wanapolala wenye arivi. Sasa hapa tulicheka. Ni uwanja wenye viwanja vidogo vilivyopangwa mistari, kila kimoja na nguzo yenye namba, bomba la maji, mahali pa kuwasha moto. Choo cha pamoja, bafu la pamoja. Geti, na mtu getini anaandika majina. Mama akazungusha macho mara moja. “Hii ni kambi,” akasema. Nikamwambia ndiyo, hata wao kwa lugha yao wanaiita hivyo. “Na wanalipa?” Wanalipa. Walizungumza na rafiki yake juu ya jambo hilo mpaka giza likaingia, na mwisho wakakubaliana kwamba tofauti si bomba wala choo. Tofauti ni kwamba yule wa getini anauliza jina na usiku ngapi, basi. Maswali mawili.

Kuna atakayesema: nchi ina usalama wake. Nakubali. Tanzania imetubeba tangu baba zetu, na mwenye nyumba anajua hofu zake. Ndiyo maana sikugusa lile la wapi na lile la lini. Usalama unatosheka na hayo. Jambazi haandiki ujambazi kwenye nafasi ya sababu.

Mwingine, na huyu ni rafiki yangu wa shirika moja, aliniambia zamani: kwanza chakula, dawa, maji, kisha ndiyo tuongelee matembezi. Ni mpangilio wa kwenye karatasi. Katika maisha tuliyoishi, chakula chenyewe kilitembea kwa miguu ya watu wanaotembeleana. Mgao ulipoisha siku kumi kabla, nani alikula kwa ajili ya shirika? Tulikula kwa ajili ya shangazi wa zoni ya tatu ambaye tulikuwa tumemsalimia Jumapili. Asiyetembelewa ndiye aliyelala njaa. Mwenye kutenganisha haja na salamu hajawahi kukopa chumvi.

Lililo gumu zaidi ni hili la mama na rafiki yake. Miaka mitatu, barabara wazi, hakuna wa kuwazuia, na hawakuonana. Rafiki anafanya kazi kiwanda cha mtindi, zamu ya usiku, na siku zake za mapumziko zinahamahama. Mimi nina zamu zangu, gari letu dogo ni bovu, mama haendeshi. Nina ndugu Nakivale, Uganda, ambako sheria ya wakimbizi ya 2006 inamruhusu kutembea nchini, naye huniambia: ruhusa ninayo, nauli sina. Kwa hiyo sitawadanganya kwamba kibali kikiondoka watu wataonana. Saa ya kiwanda nayo ni lango. Hata hivyo naona tofauti, na siwezi kuiachia. Zamu ya kiwanda inaninyima muda, ila hainitaki nithibitishe kwamba rafiki wa mama anastahili kuonwa. Umaskini wa nauli unauma mfukoni. Lile swali la tatu linamfuata mtu hadi kwenye urafiki wake na kumtaka auvishe bandeji.

Basi yule mzee wa macho. Naona alisema uongo, sitazunguka. Lakini aliulizwa swali ambalo ukweli haukuwa miongoni mwa majibu yake, na katika hali hiyo uongo una wazazi wawili. Kant nadhani angekataa. Alikuwa mtu mkali. Kinachonisikitisha mimi si dhambi ya mzee, ni hasara yake. Alirudi kutoka kwa rafiki yake na hakuweza kusimulia. Kama angeulizwa, alikuwa hospitali. Kile walichocheka, chakula alichowekewa, mtoto wa rafiki amekuwa mrefu kiasi gani, vyote alivimeza. Mama yangu aliporudi Boise alisimulia wiki mbili: kwa majirani, kanisani, kwenye simu kwa dada zake waliobaki Baraka, na kila alipofika kwa yule kijana wa darajani aliongeza urefu wa korongo.

Ndugu wa mashirika, nafasi ya kuandika “kusalimia” haigharimu mgao wa mtu. Baadhi yenu mnakaa kwenye vikao na wanaotoa karatasi zile. Semeni.

Kwa sasa kuna deni. Kwetu ukimtembelea mtu amekudai naye anakudai, na rafiki wa bombani hapendi madeni. Amebadilishana zamu na mwenzake, anakuja Boise Jumapili ya pili ya mwezi ujao kwa basi. Ametuma ujumbe wa sauti kwamba ataleta dagaa, na kwamba lile suala la vifaranga amelifikiria upya.